Sanduku la Afya: "Mzee wangu kawekewa stenti tupu, itashika kutu?"

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kuhusu stenti nikajua yameisha, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja mpaka simu ikaanza kulalamika imejaa. Nyingi zinazunguka hapohapo: hizi stenti (vineti vinavyoachwa ndani ya mshipa uliobana viushikilie uwe wazi) zikiwa tupu, yaani za chuma peke yake zisizopakwa dawa, ni kitu cha maana au watu wamepigwa? Nimechagua sita, na kama barua yako hujaiona soma zote tu, jibu lako huenda limejificha kwa mwenzio.

*

Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 68. Mwaka 2011 alipata shambulio la moyo akapelekwa India akawekewa stenti moja, na mpaka leo yupo vizuri, asubuhi anaenda sokoni kwa miguu na kurudi. Sasa juzi kwenye kahawa kuna jamaa anajifanya anajua mambo ya hospitali kaangalia karatasi zake kakuta BMS, akamwambia mzee hiyo ni stenti tupu ya kizamani, inashika kutu ndani ya mwili, lazima itolewe iwekwe ya kisasa. Toka siku hiyo mzee halali. Tuanzie wapi kutafuta hela ya kuibadilisha?
Binti wa Kimanga, Tabata

Marahaba mwanangu. Kwanza kamwambie mzee alale, na hiyo hela mliyoanza kuchangishana kanunulieni mboga.

Stenti haishiki kutu. Za mwanzo nyingi zilikuwa za stenlesi ya kiwango cha hospitali, zilizokuja baadae ni za mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, vyote vinakaa mwilini bila kuoza. Na kuitoa haitolewi. Ni kineti chembamba sana, nyaya zake unene wake ni kama milimita 0.1 hivi, upana wake ukishatanuliwa milimita 3 au hapo karibu, na ukishakaa mwezi mmoja au zaidi kidogo mshipa wenyewe unaota utando juu yake unaimeza kabisa. Saiv ile stenti ya baba'ko sio kitu kilichowekwa ndani ya mshipa tena, ni sehemu ya ukuta wa mshipa, kama waya uliofungwa kwenye mti mti ukakua ukaufunika. Anayetaka kuitoa itabidi atoe na mshipa.

Sasa huyo jamaa wa kahawa hakukosea kila kitu, na hapa ndo pa kuelewa. Watu wengi wanafikiri mshipa ni kama bomba la PVC, limeziba unalizibua unaondoka. Mshipa ni nyama, na nyama ukiichokoza inaota kovu. Mwaka 1977 kule Zurich daktari Andreas Grüntzig aliingiza puto dogo kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa aliye macho kabisa, akalijaza, mshipa ukafunguka. Dunia ikashangaa. Ila baada ya miezi wagonjwa wengi wakawa wanarudi, karibu theluthi moja mpaka arobaini kwa mia mshipa umebana tena, wengine mshipa unasinyaa palepale mezani. Ndo wakafikiria kuacha kitu ndani cha kuushikilia. Machi 1986 Jacques Puel kule Toulouse, Ufaransa, akaweka stenti ya kwanza kwenye mshipa wa moyo wa binadamu, na Ulrich Sigwart wa Lausanne akafuata muda mfupi tu. Zote hizo zilikuwa chuma kitupu. (Jina lenyewe stenti, wengi wanalihusisha na daktari wa meno wa Uingereza wa karne ya 19, Charles Stent, aliyetengeneza udongo wa kuchukulia vipimo vya meno. Wala hakuwahi kugusa moyo wa mtu.)

Chuma kikazuia ule mshipa kusinyaa, wanaorudi wakapungua, lakini kovu halikuisha, maana sasa nyama inaota inapenya kwenye matundu ya kineti. Kwa stenti tupu ilikuwa kati ya wagonjwa 100, kama 20 mpaka 30 mshipa unabana tena. Mwaka 2003 Marekani ikaruhusu stenti ya kwanza iliyopakwa dawa, na dawa yenyewe, sirolimasi, ilitokana na bakteria wa kwenye udongo wa Kisiwa cha Pasaka kule kusini mashariki mwa Pasifiki, ndo hiyohiyo wanayopewa baadhi ya waliopandikizwa figo. Inazuia seli zisikimbilie kuzaliana. Kubana tena kukashuka chini ya 10 kwa mia.

Kwahiyo ndiyo, ya dawa ni bora kwa kazi hiyo na ndo maana siku hizi karibu kila mahali wanaweka hiyo. Lakini angalia mahesabu ya baba'ko. Hilo kovu linaota hasa kwenye miezi sita ya kwanza, likichelewa sana mwaka. Yeye kapita mwaka huo zamani, stenti yake imeshafanya mtihani ikafaulu! Halafu kuna utafiti mkubwa wa Norway uliotoka 2016, wagonjwa 9,013, nusu waliwekewa tupu nusu za dawa, wakafuatiliwa miaka sita. Waliokufa au kupata shambulio la moyo ni karibu sawa pande zote. Tofauti ilikuwa kwenye kurudi kuzibuliwa tena, tupu 19.8 kwa mia, za dawa 16.5. Sio kitu cha kumnyima mtu usingizi miaka yote hii baadae.

Cha kumuuliza mzee ni kingine kabisa. Aspirini bado anakunywa kila siku? Dawa ya kolesteroli je, au aliacha alipoona yuko poa? Presha na sukari mara ya mwisho kapima lini? Maana stenti ilitengeneza sentimita mbili za mshipa mmoja, mishipa mingine yote anayo vilevile na ndo huko tatizo jipya linakotokea. Hebu mpeleke kliniki ya moyo kwa ajili ya hilo, sio kubadilisha chuma. Na ile karatasi iliyoandikwa BMS mpige picha mkae nayo kwenye simu, kuna watu wanatuandikia wamewekewa stenti hawajui aina, hawajui mshipa gani, hawajui hata mwaka, karatasi ilibebewa vitumbua.

*

Dokta mambo. Mimi fundi seremala Keko, miaka 54. Nimepimwa naambiwa mshipa mmoja wa moyo umebana nawekewa stenti. Shida yangu vidonda vya tumbo, mwaka juzi nilitapika damu nikaongezewa chupa mbili. Nimeambiwa stenti tupu unakunywa vidonge vya kuzuia damu isigande mwezi mmoja tu, ya dawa mwaka mzima. Si bora niombe tupu? Na bei nasikia nafuu.
Fundi K.

Poa fundi. Umeuliza swali zito kuliko wote, na ungeniuliza miaka kumi na kitu nyuma ningekujibu ndiyo omba tupu, na madaktari wengi wangenipigia makofi.

Hoja yenyewe ilikuwa hivi. Chuma chochote kikiwa wazi ndani ya damu, damu inataka kuganda juu yake, na bonge likiganda ndani ya stenti mshipa unaziba ghafla, hilo ni shambulio la moyo na wengi hawafiki hospitali. Ndo maana unapewa vidonge viwili pamoja, aspirini na klopidogreli au ndugu zake, mpaka ule utando uote uifunike. Chuma kitupu kinafunikwa haraka, mwezi. Kile chenye dawa, kwa sababu dawa imezuia seli kuzaliana, kinachelewa kufunikwa, tena zile za mwanzo ilifika mahali mwaka 2006 dunia nzima ya madaktari wa moyo ikawa na kelele maana kuna waliokuwa wanapata bonge hata baada ya mwaka kupita. Ndo ikawa kanuni, mtu anayetokwa damu kirahisi au anayesubiri upasuaji, mpe tupu.

Kanuni hiyo ilivunjwa 2015. Watafiti walichukua watu 2,466 wenye hatari ya kutokwa damu, watu kama wewe fundi, wakawagawa, hawa stenti tupu na hawa yenye dawa ya kisasa, na wote wakanywa vidonge viwili kwa mwezi mmoja tu kisha kimoja. Baada ya mwaka, waliokufa kwa moyo au kupata shambulio au bonge kwenye stenti walikuwa 12.9 kwa mia upande wa tupu na 9.4 upande wa dawa. Waliorudi kuzibuliwa palepale ilikuwa tupu 9.8 kwa mia, za dawa 5.1. Yaani ile sababu moja iliyobaki ya kuchagua tupu ikaondoka, na mwongozo wa Ulaya wa 2018 ukasema wazi tumia za dawa kwa kila mtu.

Kwahiyo usiombe tupu. Omba hivi: "Daktari mimi nilishatapika damu, naomba stenti yenye dawa ambayo dozi ya vidonge viwili inaweza kufupishwa." Sema kabla hujapanda kwenye meza ya kathlabu, kile chumba cha kuwekea stenti, sio baada. Pale kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Upanga, hilo ni jambo la kila siku kwao, hutaonekana mjuaji.

Na kabla ya hapo kuna kazi yako. Kapime yule bakteria wa vidonda vya tumbo, ukiwa naye utibiwe amalizwe kwanza kama moyo haujawa na haraka. Ukianza vidonge utapewa na dawa ya kulinda tumbo, hapo angalia, omeprazoli inapunguza nguvu ya klopidogreli, mwambie daktari akuchagulie nyingine, pantoprazoli haina shida hiyo kubwa. Halafu najua nyie mafundi, mgongo ukiuma unapita famasi unachukua diklofenaki au ibuprofeni kama unanunua pipi. Acha. Ukichanganya hizo na aspirini na klopidogreli na historia yako hiyo, utarudi kwenye chupa mbili na safari hii zisitoshe. Panadol inatosha, na kama haitoshi mgongo nao una madaktari wake.

Bei, ni kweli tupu ni nafuu. Ila ukirudi mezani mara ya pili umelipa zote mbili.

*

Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mzee wa Kariakoo, nimewekewa stenti wiki tatu zilizopita, kwenye kadi wameandika ya chuma isiyo na dawa. Sikupata shambulio, maumivu tu ya kifua nikipanda ngazi. Nina ngiri ya muda mrefu na nilikuwa nimeshapangiwa upasuaji wiki ijayo hospitali nyingine, pale wameniambia niache vidonge vya moyo siku saba kabla. Na Ramadhani inakaribia, itakuwaje?

Waalaykum salaam mzee wangu. Usiache kidonge hata kimoja mpaka daktari aliyekuwekea stenti ajue, na ikiwezekana mpigie leo.

Wiki tatu ule utando bado unaota. Ukisimamisha vidonge sasa hivi halafu ukapasuliwa, na upasuaji wenyewe unaifanya damu ipende kuganda, umejiwekea mtego. Ngiri inayoingia na kutoka bila maumivu inaweza kusubiri. Kwa stenti tupu na mtu ambaye hakupata shambulio, ni angalau mwezi kamili ndo upasuaji usio wa dharura ufikiriwe, na hata hapo aspirini kwa kawaida inaendelea, inayosimama ni klopidogreli. Ingekuwa ya dawa wangetaka kusubiri zaidi, miezi sita hivi wakipata nafasi. (Nawasemesha na wengine hapa: aliyewekewa stenti kwa sababu ya shambulio la moyo, huo mwezi mmoja haumhusu, yeye vidonge viwili ni kawaida mwaka mzima hata stenti iwe tupu, kwa sababu tatizo ni mishipa yake yote iliyochafuka na sio kile kichuma peke yake. Nimeona watu wanaacha mwezi wa pili eti "si nina BMS".)

Ila ngiri ikigoma kurudi, ikawa ngumu, inauma, unatapika, hiyo ni dharura, nenda na kadi yako mkononi.

Usiwalaumu sana wale wa upasuaji, pengine hawakujua kama umewekewa stenti. Hospitali hazisomani mafaili, wewe ndo faili.

Ramadhani: aspirini na klopidogreli zote ni mara moja kwa siku, kwahiyo zinaingia vizuri kwenye futari baada ya kula. Kufunga kwenyewe muulize daktari wako wa moyo, na akikukataza mwaka huu mgonjwa ana ruhusa yake, unajua kuliko mimi.

*

Dokta, bimkubwa wangu kawa wa manjano mpaka macho, anajikuna usiku kucha, mkojo kama chai ya rangi. Wamekuta saratani ya kongosho imebana mrija wa nyongo, upasuaji wa kuitoa hauwezekani. Wanataka kuweka stenti, wanasema kuna ya plastiki, ya chuma kitupu na ya chuma yenye gamba. Sisi hatujui chochote, tuchague nini?
Mtoto wa tatu, Mbagala

Pole sana mwanangu, na mpe pole bimkubwa.

Hapa stenti ni ileile kwa jina lakini kazi tofauti, na maana ya "tupu" inabadilika. Kwenye moyo tupu ni bila dawa. Kwenye nyongo na kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, tupu ni bila gamba, yaani kineti cha waya hakijafunikwa na ngozi ya plastiki. Waya wenyewe mara nyingi ni nitinoli, nikeli na titani, una akili ya ajabu, unaingia umebanwa mwembamba halafu ukifika ukiachiwa unajitanua wenyewe kwa joto la mwili.

Ya plastiki ni bei nafuu na inaweza kutolewa, ila ni nyembamba, inaziba baada ya miezi mitatu hivi na kila ikiziba homa inarudi na manjano yanarudi mnaanza upya. Ya chuma ni pana, inakaa muda mrefu zaidi. Kati ya chuma na chuma: kitupu kinashika vizuri hakihami, maana nyama inapenya kwenye matundu inakishikilia, na hilohilo ndo ubaya wake, uvimbe nao unapenya unaweza kukiziba, na ukishakaa huwezi kukitoa. Chenye gamba uvimbe haupenyi kirahisi, kinaweza kutolewa, ila kinateleza, kinaweza kuhama.

Kwa mtu ambaye ugonjwa wake hautaondolewa, chuma kitupu ni chaguo la heshima kabisa, kutokutolewa kwake sio hasara maana hakuna mpango wa kukitoa. Mimi ingekuwa mama yangu, na daktari akasema ana matumaini ya kuishi zaidi ya miezi michache, nisingeweka plastiki kwa sababu ya bei tu, kile kumrudisha rudisha kwenye daladala na homa kinamuumiza kuliko ugonjwa. Ila muulizeni daktari swali moja kabla ya kukubali: una uhakika kwamba hii ni saratani, nyama imepimwa maabara? Kwa sababu kuna mibano ya nyongo ambayo sio saratani, na hapo ukiweka chuma kitupu umemfungia mtu mzima mwenye afya yake kitu kisichotoka.

Yakitulia mtaona kujikuna kunaisha, macho yanarudi polepole kwa wiki kadhaa, hamu ya kula inarudi. Akipata homa ya kutetemeka hata usiku, msisubiri asubuhi.

Na kwa walioandika kuhusu saratani ya umio, ambayo huku kwetu Afrika Mashariki tunayo nyingi kuliko sehemu nyingi duniani, mantiki ni hiyohiyo: mzee aliyekuwa hamezi hata mate anaweza kumeza uji na wali laini baada ya siku mbili tatu. Sema huko wanapendelea yenye gamba, uvimbe wa umio unapenya haraka. Nyama choma sahauni, kipande kikikwama kwenye stenti ni safari ya hospitali.

*

Dokta mimi nilitolewa jiwe la figo mwaka jana, wakaniwekea stenti wakasema nirudi. Sijarudi, sina maumivu sana, ila nakojoa mara kwa mara na kiuno kinavuta. Nayo si inaoteana na nyama kama za moyo?
Dada wa Kigamboni

Hapana! Hiyo ni ya plastiki, kimpira chenye mikia miwili iliyojikunja, sio ya kukaa. Kawaida inatolewa baada ya wiki chache, miezi mitatu ukichelewa. Ikisahaulika inaota mawe juu yake mpaka kuitoa inakuwa operesheni kubwa kuliko ile ya kwanza, na figo inaweza kufa taratibu bila kupiga kelele. Wiki hii mdogo wangu, panda pantoni uende.

*

Nina stenti tupu ya moyo toka 2014. Nasafiri kwenda kwa mwanangu Oman, je ile mashine ya uwanja wa ndege italia? Na huko wanataka kunipiga MRI ya mgongo.
Mama Mkubwa, Magomeni

Shikamoo mama. Mashine haitalia, chuma chenyewe ni kidogo kuliko kishikizo cha gauni lako, na hata ikilia itakuwa bangili. MRI, kile kipimo cha mashine ya sumaku, nayo haina shida, stenti za moyo hazivutwi na sumaku zile zikasogea, na wewe umeshakaa nayo miaka yote hiyo. Waambie tu kabla hujalala kwenye mashine, waonyeshe kadi waandike.

Na vidonge weka kwenye mkoba wa mkononi, sio lile begi linaloingia chini. Mabegi ya chini yanachelewa kuja, mengine hayaji.